Boti ya faiba futi 28: ninunue nanga gani? Ya nondo inaburuta kila kusi likichacha

#1 mkunguni_boti
Wadau salaam. Nina boti ya faiba futi 28, kazi yake kupeleka wageni kuangalia pomboo hapa Kizimkazi. Mchana haina neno. Balaa ni usiku, hasa upepo wa kusi ukichacha. Nanga yangu ni ya nondo, makucha manne, kilo kama 12, kamba ya nailoni mita 25, mnyororo hamna. Kuna asubuhi naikuta boti haipo nilipoiacha: mara imelalia boti ya mtu, mara imesogea kwenye mwamba. Juzi imechubuana na ya jirani, sasa anataka nimlipe rangi.

Nimekwenda dukani mjini. Muuzaji kanionyesha tatu: moja bapa inayokunjika, moja ya jembe, moja kama kiganja cha mkono. Kila nikimuuliza ipi bora ananijibu "zote bora bosi". Wenye uzoefu nisaidieni, nichukue ipi? Au nimwambie fundi aongeze tu uzito kwenye hii ya nondo?

#2 Pweza Mkavu
Nunua kiwanja Mkuranga. Hakiburutwi na kusi.

#3 mzigo_bandarini
Mambo ya majina ya kizungu yanakupotezea hela. Nanga ni uzito, basi. Chukua pipa, jaza zege, tia chuma cha kufungia juu, dondosha. Boti haiendi kokote.

#4 hesabu_tupu
Mkuu #3 hapo umeteleza. Zege uzito wake ni kama mara 2.4 ya maji, kwa hiyo zege la kilo 100 likizama linabaki na kilo 58 hivi. Chuma hakipungui sana, karibu sehemu moja ya nane: kilo 12 za mleta mada zinabaki kilo 10 na kidogo. Halafu boti ya futi 28 ikipigwa na upepo mkali inavuta kwa mamia ya kilo. Nani atabeba nanga ya mamia ya kilo kwenye boti ya pomboo? Nanga ndogo haishiki kwa uzito, inashika kwa kujifukia.

Na jambo la pili: upepo ukizidi mara 2, mvuto unazidi mara 4. Ndiyo maana inatulia wiki nzima halafu usiku mmoja inaondoka.

#5 Anko Msasani
Nimekuwa nikifunga na kufungua nanga za boti za wageni hapa ghuba ya Msasani miaka mingi, hizo tatu zote nazijua.

Ile bapa inayokunjika ni Danforth. Ilitengenezwa Marekani karibu na mwaka 1940 na ikatumika sana kwenye vita kuu ya pili, kwenye vile vyombo vya kushushia askari ufukweni: wanaidondosha nyuma wakiingia, halafu wanajivuta nayo kutoka. Kwenye mchanga na tope hakuna inayoikaribia kwa uzito wake. Ubaya wake, mkondo ukigeuka inang'oka, na kama kokoto au kombe limekwama kwenye maungio haifunguki tena, inateleza tu juu ya mchanga. Kwenye majani ya baharini usiipeleke kabisa.

Ya jembe inageuka na boti vizuri zaidi, lakini inataka uzito ndipo ipenye. Ya kiganja inashika haraka, hata kwenye mawe mawe inapata pa kujishikiza, ila chukua namba kubwa kuliko unayodhani, ndogo yake ni pambo tu.

Siku hizi kuna hizi mpya zenye upinde wa bomba mgongoni, kama Rocna ya New Zealand. Ikianguka vibaya ule upinde unaigeuza yenyewe ikae sawa, ncha chini. Ningekuwa na hela ningechukua hiyo. Bei yake mniachie moyoni.

#6 mzigo_bandarini
Kumbe mhandisi. Jembe si ndiyo ile ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita?

#7 hesabu_tupu
Hapana, ni ya 1933, kabla ya vita. Aliyeibuni ni G. I. Taylor, mwanahisabati wa Cambridge, naye alikuwa anafikiria ndege zinazotua majini, zilihitaji nanga nyepesi inayoshika sana. Ya kiganja ni ya Peter Bruce, Uskochi, miaka ya 1970.

#8 mwana_shimoni
Nyote mwarukia nanga, hakuna hata mmoja alouliza chini pana nini. Hapa kwetu Shimoni mkondo baina ya bara na Wasini ni mkali, na chini pabadilika kila hatua chache. Kuna mahali watupa nanga yazama kwenye mchanga, wasogea kidogo yagonga jabali. Sasa yeye mwenye boti ajua chini kwake pana nini? Mchanga? Tope? Majani? Mwamba? Bila hilo mwamuuzia kofia mtu hamjaona kichwa chake.

Pia mtizame ile shakeli ifungayo nanga na kamba. Binamu yangu alivuta asubuhi akapata kamba tupu, pini ilijifungua yenyewe kwa kuchezachezwa na maji. Tangu hapo twapitisha waya kwenye tundu la pini na kuusokota. Waya wa chuma hichohicho, si wa shaba, la sivyo kutu yala mbio.

#9 fundi nondo Tanga
Nasoma tu mnavyoitukana nondo. Hii kazi nafanya mimi, wacha niseme. Nanga ya nondo ni ya MWAMBA. Bomba katikati, nondo za milimita 12 zinapita ndani, zinakunjwa. Makusudi haziwi nene sana, ili ikikwama kwenye jabali ufunge kamba kwenye gubeti (ncha ya mbele ya boti), uendeshe mashine, makucha yanyooke itoke. Ukifika nyumbani unayakunja tena kwa nyundo. Nanga ya dukani ikikwama umeiacha huko huko na hela yako. Mtu akinijia na kazi ya mchanga, makucha namchomelea vibapa kama vijiko mwishoni. Wengi hawataki kulipa nyongeza, halafu wanakuja kulalamika mitandaoni.

#10 Pweza Mkavu
Fundi kapaniki 😂

#11 Bi Mbizi
Mimi napiga mbizi na wageni pwani hiyohiyo ya kusini. Naomba niseme la matumbawe kabla hamjafika mbali. Kizimkazi iko ndani ya hifadhi ya ghuba ya Menai. Hizo za makucha ukizitupa juu ya matumbawe zinavunja, na kamba ikizunguka inafyeka yaliyobaki. Matawi membamba yanaota sentimita chache kwa mwaka, na yale makubwa ya duara ni milimita tu. Unavunja kwa dakika kitu ambacho babu yako alikikuta.

Kuhusu swali lenyewe: mleta mada vaa miwani, subiri maji yakipwa, shuka uitazame nanga ilivyokaa. Ni mita ngapi? Tatu? Jibu liko chini pale, haliko dukani.

#12 sato wa Mwanza
Huku ziwani mambo mepesi. Jiwe, kamba, kwisha. Dagaa tunavua usiku mzima taa zimefungwa kwenye jiwe. Nyie wa chumvi mna mbwembwe.

#13 mwisho_wa_reli
Sato acha kamba, jiwe lenu linatosha kwa sababu hamna maji kupwa na kujaa, na Victoria ni la kina kifupi, hata katikati halizidi sana mita 80. Njoo Kigoma. Ziwa Tanganyika lina mita 1,470. Ukisogea kidogo tu toka ufukweni chini panaporomoka, nanga inaning'inia haijagusa kitu. Sisi tunaweka nanga upande wa nchi kavu kisha tezi (nyuma ya chombo) tunaifunga kwenye mti.

#14 sato wa Mwanza
"Acha kamba" kwenye uzi wa nanga, hapo nimecheka.

#15 Nahodha Kojani
Assalamu alaykum wanangu. Nimesoma yote. Mleta mada hajaambiwa jambo la kwanza.

Mwanangu, mita 25 ni kamba ya kufungia mbuzi. Kusini mwa Unguja wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukitia nanga maji yamekupwa unaona kina mita 3, unasema kamba ni nyingi. Usiku maji yanajaa, kina kinakuwa 7. Ongeza mita moja toka usawa wa maji hadi kwenye gubeti, ni 8. Sasa 25 ni mara 3 tu ya kina. Kamba inasimama, kila wimbi linapoinua omo, yaani mbele ya boti, linainua na nanga. Sisi kwa kamba tupu tulikuwa hatutoi chini ya mara 5, na siku ya upepo mara 7. Kwako hiyo ni mita 40 hadi 56. Nanga lazima ivutwe kwa kulala, isivutwe kwa kwenda juu.

Hata ukinunua baura ya dhahabu, kwa mita 25 itaondoka.

#16 mkunguni_boti
Shikamoo nahodha. Hesabu hiyo nimeielewa na imenitia baridi, maana kweli mara nyingi inaondoka maji yakiwa yamejaa. Lakini mita 40 nikitoa, boti itazunguka duara zima na pale tumebanana. Jirani yuko kama mita 20 tu. Nitamgonga yeye, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake.

#17 Nahodha Kojani
Marahaba. Ndio maana zikawepo nanga mbili. Moja ya omo iwe kubwa na ielekee unakotoka upepo. Nyingine ndogo ya tezi. Boti inabaki mahali pake haizunguki. Ila muweke nyote vivyo hivyo, mmoja akiwa na moja na mwingine mbili, mtagongana zaidi kuliko sasa.

Na angalia: pale boti zinapokaa juu ya mchanga maji yakitoka, usiache nanga ya makucha karibu. Ukucha unaotazama juu hutoboa ubavu. Nimeona mashua imekalia nanga yake mwenyewe, maji yalipojaa haikuelea.

#18 Pweza Mkavu
Kujitoboa kwa nanga yako mwenyewe. Hiyo ni ndoa yangu ya kwanza.

#19 baharia_meli
Niko kwenye meli ya mafuta, nasoma nikiwa zamu. Kinachosahauliwa hapa ni MNYORORO. Kwenye meli nanga ni kitu kidogo, mnyororo ndio kazi. Tunauhesabu kwa vipande vya mita 27 na nusu, na meli kubwa inabeba zaidi ya vipande 10 kila upande. Ule uliolala chini ndio unaoishika meli, nanga inashikilia ncha tu. Mkuu weka mnyororo mita 5 au 10 kati ya nanga na kamba, utanikumbuka.

#20 Anko Msasani
Mnyororo ndiyo, lakini sababu unayotoa ni ya meli, kwa boti ndogo haiko hivyo. Mnyororo wa milimita 8 una kilo 1.4 hivi kwa mita. Mita 5 ni kilo 7. Upepo mkali ukivuta kwa kilo mia mbili huo mnyororo unanyooka kama haupo. Faida yake kwake ni nyingine: hausagiki na mwamba kama nailoni, na siku za upepo wa kawaida unaiweka shingo ya nanga chini. Kwenye dhoruba kinachookoa ni urefu na aina ya nanga.

#21 baharia_meli
Kilo 7 ni zaidi ya nusu ya nanga yake. Wewe unaita kidogo.

#22 hesabu_tupu
Mko sahihi wote kwa upepo tofauti. Ila baharia, meli haizuiwi na msuguano wa mnyororo peke yake. Upepo ukizidi, meli za mafuta nazo zinaburuta nanga, na nahodha wake anawasha mashine. Hilo unalijua kuliko mimi.

#23 baharia_meli
Hilo nakubali. Ndiyo maana kuna zamu ya nanga usiku. Boti ya mkuu haina zamu.

#24 mtoto wa Mutrah
Salaam kutoka Maskati. Wavuvi wa huku wengi wana boti za faiba kama hiyo yako, na wengi wao wanatumia nanga hizo hizo za makucha za kuchomelea, pwani yenye mawe hakuna inayofaa zaidi. Ila boti ya kulala usiku haifungwi kwa nanga ya kuvulia. Inavutwa ufukweni kwa gari au inaingia bandari ndogo. Nanga ya kusimama saa moja kuvua nguru na nanga ya kulalia ni vitu viwili tofauti, yeye anatumia moja kwa kazi zote mbili.

#25 mzigo_bandarini
Mimi narudi kwenye zege langu. Hao wenye maboya ya kudumu kwenye hifadhi wamefunga wapi kama si kwenye zege?

#26 Bi Mbizi
Mengine ni zege kweli, la tani kadhaa, na linashushwa mara moja tu. Si pipa. Mengine wanatoboa mwamba chini, wanaingiza chuma na kukimiminia saruji au gundi maalumu, boya linafungwa hapo. Kwa mita 3 hadi 7 ni kazi ya siku moja kwa wapiga mbizi wawili na mashine ya kutobolea. Mimi nadhani Kizimkazi pangewekwa hivyo, kila boti na boya lake, nanga zibaki za dharura. Lakini hilo ni la kamati, si la mtu mmoja.

#27 mkunguni_boti
Kamati ikikaa ni posho na soda.

#28 mwana_shimoni
Kwetu mbuga ya Kisite maboya yako, boti ya wageni yashika boya. Tatizo ni likikatika hakuna wa kulitengeneza upesi, na siku za wageni wengi boti tatu zashika moja. Boya la watu watatu si salama kuliko nanga yako mbovu.

#29 mkunguni_boti
Wakuu nimeshuka leo na miwani, maji yamekupwa. Ripoti:

1. Nilipotia nanga jana jioni na ilipo leo ni kama hatua 15 mbali. Kuna mfereji kwenye mchanga, umenyooka, halafu umekata kona.
2. Mchanga ni shubiri moja tu, nikipekua chini yake ni mwamba mgumu laini kama sakafu. Kuna viraka vya majani. Upande wa nje, karibu na matumbawe, mchanga unazidi, mkono wote hadi kwenye kiwiko unazama.
3. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye ukucha mmoja, uliokuwa umesimama juu. Yaani nanga ilikuwa inavutwa kwa kiuno, si kwa pete.

#30 Nahodha Kojani
Namba 3 ndiyo jawabu. Maji yalipogeuka boti ilipita juu ya nanga, kamba ikanasa ukucha wa juu. Nanga yoyote yenye ukucha unaosimama ina ugonjwa huo. Kata shauri moja: nanga mbili, boti isizunguke.

#31 Anko Msasani
Kwangu namba 2 ndiyo jawabu. Shubiri moja ya mchanga juu ya sakafu, Danforth haiwezi kuzama hapo, jembe haliwezi, Rocna yenyewe italala ubavu. Hapo hakuna nanga. Hamisha maegesho nje kwenye mchanga mwingi. Halafu ndipo tuzungumze aina, na kwa mchanga wa hadi kiwiko nachagua ya jembe au ile ya upinde, kilo 15 na kuendelea.

#32 hesabu_tupu
Mfereji ulionyooka halafu ukakata kona unaniambia kitu kingine. Iliburuta kwanza upande mmoja, kabla haijageuzwa. Yaani ilishaanza kushindwa kabla kamba haijanasa. Hapo ni urefu wa kamba.

#33 Nahodha Kojani
Au ilinasa mapema, wakati wa mageuko ya jioni. Kona ni mageuko ya usiku. Wewe kijana ulikuwa chini pale?

#34 hesabu_tupu
Sikuwepo nahodha. 🙏

#35 fundi nondo Tanga
Hakuna aliyenisoma. Sakafu ya mwamba = nondo, lakini makucha yatafute ufa wa kushika, na mwenye boti kasema ni laini, hakuna ufa. Sasa hata nondo imeshindwa kihalali, si kosa la fundi. Akihamia mchanga mwingi nitamchomelea yenye vibapa. Aniletee bomba la inchi moja na nusu.

#36 mzigo_bandarini
Sakafu laini, nanga zote zimeshindwa. Narudia kwa unyenyekevu: ZEGE.

#37 hesabu_tupu
Kwenye sakafu laini zege ndiyo linateleza zaidi, msuguano tu unalishika. Ila kwa mara ya kwanza sikucheki.

#38 Bi Mbizi
Anko, "hamisha nje karibu na matumbawe" ni rahisi kuandika. Duara la mita 40 pale litasafisha kila kitu kilichoota. Kama ni kuhama, basi kamba ya chini iwe na kiboya kidogo kiiinue isikokote, na mkuu apime kwanza masafa hadi kwenye tumbawe la kwanza.

Na jambo dogo la usiku: kabla hujaondoka kwenye boti, chagua vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mnazi na nguzo ya taa, chochote. Halafu shika kamba kwa mkono. Ikitetemeka na kuachia, kutetemeka na kuachia, nanga inatambaa. Ikiwa imekaza na kutulia, imeshika. Mimi hiyo naiamini kuliko jina la nanga.

#39 sato wa Mwanza
Nimejaribu kuelewa. Watu sita, majibu saba.

#40 mwisho_wa_reli
Kizimkazi hapo Dimbani kuna msikiti una maandishi ya mwaka 1107. Maana yake vyombo vinaegesha ghuba hiyo miaka mia tisa. Walitumia nini?

#41 Nahodha Kojani
Mawe. Jiwe refu lililotobolewa, wanapitisha vijiti viwe meno. Na kamba za usumba. Mitepe, vile vyombo vya kale vya kushonwa kwa kamba, ilikuwa myepesi, na walivyokuwa na akili walivuta chombo juu, hawakukiacha kilale majini kusi likivuma.

#42 sato wa Mwanza
JIWE. Nimeshinda.

#43 Pweza Mkavu
Sato kapewa kombe. Mwisho wa reli wewe na Liemba yenu, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, nayo Wajerumani waliitia nanga wakasahau ufunguo?

#44 mwisho_wa_reli
Waliizamisha wenyewe 1916 maadui zao wasiipate, mashine wakazipaka grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Hiyo ndiyo nanga ya kweli.

#45 Anko Msasani
Turudi kwenye mada kabla mods (wasimamizi) hawajatufungia uzi. Mkuu, bajeti yako ikoje? Kama ni ya nanga moja, nanga. Kama ni ya nusu nanga, kamba ya nailoni mita 50 na mnyororo mita 5 kwanza, tumia nondo yako hiyohiyo uone. Usichukue ile kamba ya plastiki ya bluu, inaelea na kukatwa na propela za watu, na jua linaimaliza. Nailoni inazama na inavutika, wimbi likipiga haishtui nanga.

#46 mkunguni_boti
Bajeti ni ya nusu nanga na deni la rangi ya jirani 😅. Nimeongea na jirani, tunafikiria kuchangia: yeye ana mnyororo wa zamani mita 12 una kutu lakini pingili nzima. Kila mmoja achukue 6. Tuanze na nanga mbili mbili kama alivyosema nahodha, na wa nyuma yetu kakubali. Wa mbele bado anagoma, anasema boti yake haijawahi kuondoka.

#47 mwana_shimoni
Huyo wa mbele ana nanga gani? Muulize, huenda ndiye mwenye jawabu.

#48 mkunguni_boti
Nimemuuliza. Injini ya gari ya zamani, bloku nzima, kaifunga kwa waya.

#49 mzigo_bandarini
UZITOOOOO

#50 hesabu_tupu
Naomba aseme kamba yake ni mita ngapi kabla hamjashangilia.

#51 fundi nondo Tanga
Na imezama kwenye ufa gani. Bloku ina matundu na kona, inashika mwamba kuliko pipa. Huyo kanunua wapi, ninazo mbili hapa gereji.

#52 Bi Mbizi
Kama ina mafuta ndani ya silinda tafadhali muioshe kabla ya kuidondosha hifadhini.

#53 mkunguni_boti
Kamba yake hajui urefu. Anasema "ndefu". Kesho nitashuka tena na miwani nikaipime kwa pima, nitaleta majibu. Nailoni ya milimita 16 mjini inapatikana wapi kwa bei ya kibinadamu? Niliyoiona Malindi, pale pale mjini Unguja, wanaiuza kwa kilo, si kwa mita.